Keki Isiyojua Unga

Kuisifu keki isiyo na unga ukiwa Masieda, huku Mbulu, ni kutafuta ubishi. Tuko jirani na Hanang, na Hanang ni ngano. Mashamba ya Basotu, ekari zipatazo 100,000, yalilimwa na NAFCO, shirika la kilimo la serikali, kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, juu ya malisho ambayo Wabarbaig hawajasahau kuwa yalikuwa yao. Chapati, maandazi, keki ya harusi: vyote vinaanza na unga. Lakini unga husitiri mengi. Mayai yaliyopigwa kivivu, moto usiosimamiwa, yote yanafichika humo. Uondoe, ndipo utamjua mwokaji ni nani.

Wayahudi wanauondoa kila mwaka, wakati wa Pasaka yao. Aliyesoma Kutoka sura ya 12 anajua habari ya mkate usiotiwa chachu. Wao agizo hilo wamelishika kwa ukali. Nafaka tano, ngano na shayiri zikiwamo, zikishalowa maji zikakaa dakika 18 bila kuokwa huhesabiwa zimeumuka, na wakati wa Pasaka hazitakiwi hata kuwamo nyumbani. Ni siku saba huko Israeli, nane kwingineko. Tena sheria yao haichanganyi nyama na maziwa, kwa hiyo keki inayofuata mlo wa nyama haiguswi na siagi. Mwokaji ananyang'anywa unga, hamira na siagi kwa mkupuo.

Afrika Mashariki sikukuu hii ina wenyewe. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, kamanda aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alipoamua kushika Torati. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Tarehe 11 Aprili 1979 askari wetu wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala na kumwangusha, na jua lilipozama jioni hiyo hiyo Pasaka ya Wayahudi ikaingia. Watu wenye habari kama hiyo ya kusimulia hawastahili kukosa kitamu mezani.

Kitamu chenyewe kilitoka kwa Wayahudi wa nchi za Mediterania, wenye machungwa na lozi. Claudia Roden, mzaliwa wa Cairo, alikitangaza Uingereza katika kitabu chake cha mapishi ya Mashariki ya Kati cha mwaka 1968: machungwa mawili, mayai sita, robo kilo ya lozi zilizosagwa, robo kilo ya sukari. Yeye alitia na beking pauda kidogo. Mimi siitaki, mara nyingi ina wanga wa mahindi, na Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya hawali mahindi siku hizo. Halafu ute wa mayai unatosha, mkono ukiwa na subira.

Machungwa huchemshwa mazima na maganda yake, saa mbili au zaidi. Nyanda za Mbulu ziko juu, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo usiiamini saa, liamini ganda: kijiti kipenye bila kusukumwa. Yakipoa, yapasue utoe mbegu zote, maana zikisagwa humo zinaleta uchungu, kisha yaponde na maganda yake.

Lozi huku ni ghali. Korosho za Mtwara zinafaa, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. (Karanga ziache, wengi huzihesabu pamoja na kunde, ambazo kama mahindi hawazili siku hizo.) Ukizitwanga kwa pupa zinatoa mafuta na kushikana kinuni. Tia kidogo kidogo pamoja na kijiko cha sukari, chekecha, rudisha chenga.

Sasa mayai, na hapa ndipo penye kazi. Tenga viini na ute. Tone la kiini likidondokea kwenye ute, au bakuli likiwa na mafuta, povu halisimami. Piga mpaka ukiinua mchapo ncha ya povu iiname. Ikisimama wima umepitiliza, na kwenye miinuko kama yetu, ambako hewa ni nyepesi, keki itapanda kwa majivuno kisha ibonyee katikati. Viini vipigwe na sukari iliyobaki, viingie machungwa na korosho, povu liwe la mwisho. Geuza taratibu toka chini kuja juu. Ukikoroga umeitoa hewa yote uliyoihangaikia.

Asiye na oveni asijitetee. Sufuria nzito iliyopakwa mafuta ya kula na kutandikwa karatasi ikae ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Saa moja hivi, uso uwe wa kahawia na ukiubonyeza kwa kidole uinuke tena. Kijiti kitatoka na unyevu kidogo. Ndivyo ilivyo keki hii, usiiunguze kwa kutafuta ukavu.

Iache ipoe humo humo, kwani ukiipindua ikiwa moto inakatika. Na uioke leo uile kesho: siku ya pili ina ladha kuliko ya kwanza.