Kazi ya Saa 5:59 Usiku

Mwanzo wa muhula, mwanafunzi wa kompyuta hapa Bujumbura hupewa karatasi ya masharti ya somo. Wengi huikunja wakaitia mfukoni bila kuisoma, nami siwalaumu, maana mara nyingi aliyeigawa naye hajaisoma sawasawa. Moja ya karatasi hizo, ya chuo ambacho sitakitaja, ilinifikia mkononi. Ilikuwa ya somo la pili la uandishi wa programu, lile linalomkuta mwanafunzi anajua tayari kitanzi na funksheni, likamwingiza kwenye orodha, rundo, foleni na mti. Mstari wa nne ulisema kazi zote zipelekwe mtandaoni kabla ya 23h59, yaani saa 5:59 usiku, na kila siku ya kuchelewa itakatwa alama 2 kati ya 20.

Saa hiyo ina kwao. Ni saa ya bweni lenye umeme usiku kucha na intaneti isiyohesabiwa mega. Kwa mwanafunzi wa Kinama au Kanyosha, jua huzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, na kuanzia hapo kazi yake inategemea kama umeme upo, kama betri ya mashini imeshiba, kama mega za jana hazijaisha. Mtu anaweza kuwa anajua vizuri kabisa kuondoa nodi, yaani kiungo kimoja, katikati ya orodha na bado akapoteza alama 2 kwa sababu ya mtaa anaokaa.

Somo lenyewe lina umri. Chama cha wanakompyuta cha Marekani, ACM, kilipopanga upya mtaala wa vyuo mwaka 1978, kiliyaita masomo mawili ya mwanzo CS1 na CS2, na majina hayo yameganda. Huku kwetu tulirithi mpangilio wa Kifaransa: mwanafunzi huandika kwanza hatua za suluhisho kwenye karatasi, kwa Kifaransa kilichopangwa kama programu, ndipo aguse mashini. Wengine huicheka desturi hiyo kuwa ya enzi za uhaba. Mimi naiona ndiyo mali kubwa tuliyo nayo, na nitaeleza kwa nini.

Kabla ya hapo kuna suala la nani anaingia darasani. Karatasi nyingi husema kwa ufupi tu: lazima uwe umefaulu somo la kwanza. Lakini tangu vyuo vya Burundi viingie mfumo wa BMD, wenye krediti 180 kwa miaka 3 ya shahada ya kwanza, masomo hufungwa pamoja katika vitengo, na mfumo wa namna hii hutoa nafasi ya alama za somo moja kufidia za jingine. Kijana aliyepata 8 katika programu na 13 katika hisabati anaweza kuvuka. Kwenye orodha ya majina amefaulu, na kwenye kompyuta hajui tofauti ya thamani na anwani yake kwenye kumbukumbu. Sharti la kufaulu halimzuii, wala halimsaidii. Kinachomsaidia ni jaribio la wiki ya kwanza lisilo na alama, ambalo kazi yake ni kumwonyesha mwalimu nani ana pengo na liko wapi, kisha saa chache za ziada kabla ya mlango wa viashiria, yaani vigeu vinavyobeba anwani, kufunguliwa. Ukikosa kuziba pengo hapo, mti utakuja wiki ya 8 nalo litakuwa shimo.

Na lugha. Mwanafunzi wa Buyenzi anafikiri kwa Kiswahili na Kirundi, anasikiliza mhadhara kwa Kifaransa, na mashini inamlaumu kwa Kiingereza. Katika maandishi yake ya Kifaransa neno «file» ni foleni, ambapo wa kwanza kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Kwenye ujumbe wa kosa wa Kiingereza herufi hizo hizo nne maana yake ni faili. Nimeona kijana akitafuta kosa katika foleni yake kwa nusu saa, kumbe mashini inamwambia faili halipo. Sharti linalostahili kuandikwa hapa ni dogo: kila istilahi ipewe jina moja darasani, na jina la Kiswahili liruhusiwe katika majina ya vigeu na katika utetezi wa mdomo. Foleni, kwanza, haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Bujumbura wa miaka hii. Kila aliyepanga mstari kituoni akisubiri petroli anajua foleni ni nini, na aliyeona gari la wagonjwa likipitishwa mbele anajua tayari foleni yenye kipaumbele, hata kama hajajua kwamba kwenye kompyuta hujengwa kwa mti.

Turudi kwenye kuchelewa. Vyuo vya Marekani vina dawa nzuri: kila mwanafunzi hupewa siku chache za akiba kwa muhula, tuseme 4, azitumie apendavyo bila kueleza sababu. Ni bima. Na bima hufanya kazi pale ajali zinapowafikia watu mmojammoja kwa nyakati tofauti: huyu anaumwa leo, yule ana msiba wiki ijayo. Umeme ukikatika, unakatikia mtaa mzima. Wanafunzi 20 wanachoma akiba yao usiku uleule, na wale wa mtaa wa pili hawajagusa hata siku moja. Mwisho wa muhula akiba inabaki kwa wasioihitaji. Nguo ya kuazima haisitiri matako, walisema wahenga. Kwa hali yetu ni bora saa ya mwisho iwe saa 6 mchana, chuoni, katika chumba cha kompyuta kilichofunguliwa tangu asubuhi, na sheria iandikwe mapema kwamba umeme ukikosekana chumbani kwa zaidi ya saa 2, siku ya mwisho inasogea yenyewe bila mtu kuomba. Siku za akiba zibaki kwa ugonjwa na misiba.

Kazi zipelekwe vipi bila mtandao? Hapa kuna chombo ambacho kama hakikutengenezwa kwa ajili yetu, basi kilituangukia vizuri. Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi historia nzima ya programu ndani ya mashini ya mwandishi mwenyewe, hatua kwa hatua, bila kuuliza intaneti ipo au haipo. Amri yake ya bundle hufunga historia hiyo yote kuwa faili moja linaloingia kwenye flashi. Mwalimu anafungua na kuona programu ilivyokua: Jumatatu mistari 12, Jumatano kosa, Alhamisi kosa limerekebishwa. Programu iliyozaliwa nzima kwa hatua moja inajitangaza yenyewe. Lakini historia hiyo ni shahidi, na shahidi huweza kukosea: tarehe zake hutoka kwenye saa ya mashini, na mashini ya mitumba ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila ikizimika. Kijana mmoja alileta kazi iliyofanywa, kwa mujibu wa mashini yake, kabla hajaanza shule ya msingi.

Suala la kunakili ndilo linalochemsha walimu zaidi, na ndipo masharti ya kuazima yanapopotosha zaidi. Dunia nzima inategemea MOSS, programu aliyoitoa Alex Aiken mwaka 1994 akiwa Berkeley, ambayo baadaye ilihamia naye Stanford. Inavyofanya kazi inapendeza. Hufuta nafasi tupu na maelezo, hubadili majina ya vigeu yote kuwa alama moja, kwa hiyo aliyebadili «jumla» kuwa «total» hajabadili kitu. Kinachobaki hukatwa vipande vya urefu sawa vinavyopandana, kila kimoja kikianza herufi moja mbele ya mwenzake, na kila kipande hugeuzwa namba. Namba zinakuwa nyingi kupita kiasi, hivyo huchukuliwa kundi dogo la namba zinazofuatana, ikabaki ile ndogo kuliko zote, kisha kundi linasogea hatua moja mbele. Aiken na wenzake wawili walieleza njia hiyo mwaka 2003 na kuiita kwa Kiingereza kupepeta, na kweli ni ungo: makapi yanaruka, punje zinabaki. Punje hizo ndizo alama za vidole vya programu. Mafaili mawili yenye punje nyingi za pamoja huwekwa ubavu kwa ubavu mbele ya mwalimu.

Sasa ipeleke kwenye somo la pili. Kuongeza nodi mwanzoni mwa orodha ni hatua 3: unda nodi, ielekeze kwenye ile ya kwanza, kisha itangaze hiyo mpya kuwa ya kwanza. Hakuna njia 60 za kufanya hivyo kwa darasa la watu 60. Wote watafanana, na kufanana hapo ni dalili kwamba wameelewa. MOSS inalijua hilo, ndiyo maana kwa kawaida yake kifungu kinachotokea katika programu zaidi ya 10 hukichukulia kuwa kilitolewa na mwalimu, ikakipuuza. Angalia sasa linalofuata. Wanafunzi wawili wakinakiliana, wanakamatwa. Suluhisho likizunguka kwenye kundi la WhatsApp la darasa likafika kwa 15, mashini inalisamehe. Mwalimu anaweza kubadili kiwango hicho, lakini nani anakumbuka? Kuandika kwenye karatasi ya masharti kwamba atakayefanana kwa asilimia kadhaa atapewa 0 ni kuufanya ungo hakimu.

Tena kuna jambo ambalo ACM haikulifikiria: mashini moja, wanafunzi watatu. Wanakaa pamoja, mmoja anaandika, wawili wanaelekeza. Kuwaamuru kila mtu afanye peke yake ni kuwafundisha kudanganya tangu wiki ya kwanza. Afadhali waruhusiwe kuandika pamoja, majina yote yawe juu ya faili, na kila mmoja aitetee kazi nzima akiwa peke yake.

Kuna kifungu kimoja cha nje ambacho ningekichukua bila kupunguza neno. Mwaka 2014, somo la CS50 la Harvard, linaloongozwa na David Malan, liliongeza kifungu cha majuto: mwanafunzi aliyevuka mpaka akijisema ndani ya saa 72, anaweza kupoteza alama za kazi ile, lakini jambo haliendi kwenye baraza la nidhamu. Kinanipendeza kwa sababu kinajua lini watu wananakili: usiku wa mwisho, kwa hofu. Asubuhi hofu imekwisha na aibu imeanza, na mlango uko wazi bado. Hakihitaji umeme wala intaneti.

Haya yote yalikuwa magumu kabla ya mashini kuanza kuandika programu zenyewe. Mwaka 2022 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Auckland, waliupa mfumo wa kuandika programu uitwao Codex mitihani ya somo la kwanza. Ukiwekwa pamoja na wanafunzi 71, ungekuwa wa 17. Mwaka uliofuata walirudia kwa somo la pili, nao ukaingia tena katika robo ya juu. Wasaidizi wa leo wana nguvu kuliko huo, nao wako kwenye simu ya kila kijana mwenye mega kidogo. Kila wakiulizwa huandika kwa namna tofauti kidogo, kwa hiyo ungo wa Aiken haukamati kitu. Kazi ya nyumbani iliyokuwa na alama 12 kati ya 20 sasa inapima nani ana simu.

Ndipo karatasi na mdomo vinaporudi. Hesabu yake si ya kutisha. Darasa la 60, dakika 8 kwa kila mmoja, ni saa 8, nyingi mno kwa kila kazi. Basi kwa kazi ya kwanza kura iwachague 20, na kwa ya pili 20 tena, majina yote yakirudishwa chunguni ili aliyeitwa asijione amemaliza. Watakaokuwa hawajaitwa hata mara moja watakuwa kama 27, nao wote waitwe kwa kazi ya tatu, pamoja na wachache wengine wa kura. Saa 4 hivi. Utetezi wenyewe ni mfupi.

«Mwalimu, hii nimeandika mwenyewe.»

«Sawa. Futa huu mstari wa 14. Orodha itakuwaje?»

Anayeielewa huchora visanduku na mishale, akaonyesha nodi zinavyopotea. Asiyeielewa hutazama dari. Gereji za Buyenzi zimewapima mafundi wanafunzi hivyo siku zote: gari linanguruma, fundi mkubwa anauliza, na hakuna cheti kinachosikiliza injini kwa niaba yako.

Mtihani wa mwisho nao ubaki wa kalamu, kwa sharti moja ambalo walimu wengi hatulitimizi: usikate alama kwa nukta-mkato iliyosahaulika. Kalamu haina kompilata. Uliza kile karatasi inachokiweza: fuata programu hii hatua kwa hatua, onyesha inapokosea, chagua kati ya rundo na foleni na useme sababu. Ningeipa 10 kati ya 20, utetezi 6, kazi zenyewe 4 tu. Wapo wenzangu wanaoona 4 ni dharau kwa jasho la mwanafunzi. Jasho litaonekana kwenye utetezi.

Walimu wenzangu mtakaogawa karatasi muhula ujao, hamhitaji kuandika upya yote. Anzeni na mstari wa saa: futeni 23h59, andikeni saa 6 mchana.