Mafuta Yapi? Uhakiki wa Istilahi za Kuhudumia Vichwa vya Treni

Mlandege, mjini Iringa, hakuna reli. Mkazi wa huko atakaye kupanda treni hana budi kusafiri kwa barabara hadi Makambako, ipitapo reli ya TAZARA ikielekea Mbeya na mpaka wa Zambia. Hata hivyo, mwanafunzi wa Mlandege aweza kesho kuajiriwa katika karakana ya reli, na mwongozo wa kazi atakaopewa utakuwa umetafsiriwa na mmoja wetu. Yeye hakukulia kando ya reli. Atategemea maneno tu. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kuyahakiki maneno tunayompa, na kwanza kabisa neno *mafuta*.

Tuchukue sentensi ya aina inayotokea mara kwa mara katika tafsiri: “Jaza mafuta kabla ya kuwasha injini.” Kisarufi haina kasoro. Kiistilahi ina kasoro tatu: haisemi mafuta yapi, haisemi injini ipi, na kitenzi chake chaamuru jambo lisilotakiwa.

Ili kasoro hizo zionekane, yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe. Mwezi Oktoba 2012 jiji la Dar es Salaam lilianzishiwa treni za abiria wa mjini: moja katika Reli ya Kati baina ya Stesheni na Ubungo, nyingine katika reli ya TAZARA hadi Mwakanga. Wananchi waliita “treni ya Mwakyembe”, kwa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Treni ya namna hii huwa na kazi nyingi asubuhi na jioni. Nafasi ya kuihudumia hupatikana usiku, au mchana abiria wanapopungua. Kichwa huletwa penye pampu, au lori la tangi hukifuata kilipo. Breki hufungwa na magurudumu huwekewa vizuizi kisitembee. Mpira huunganishwa na mdomo wa tangi, ambalo aghalabu huwa chini ya kichwa, katikati ya seti mbili za magurudumu, na mhudumu huangalia kipimo. Wakati huo huo hukaguliwa oili ya injini, maji ya kupoza, na mchanga unaomwagwa relini ili magurudumu yasiteleze.

Sasa turudi kwenye *mafuta*. Ndani ya kichwa kimoja mwaweza kuwa na mafuta ya aina tatu. Ya kwanza ni dizeli, ambayo huungua. Ya pili ni oili, ambayo haikusudiwi kuungua bali kulainisha vyuma visisagane. Ya tatu hupatikana katika vichwa vya mfumo wa haidroliki, kama vile vya Kichina ambavyo TAZARA ilianza navyo katika miaka ya 1970: oili inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Kila moja ina mdomo wake, kipimo chake na bei yake. Dizeli ikiingia katika oili ya injini, oili huwa nyepesi, haiwezi tena kukinga vyuma, na injini huharibika. Neno moja kwa vitu vitatu, katika mahali ambapo kuvichanganya ni hasara, si ufupisho wa lugha bali ni uzembe wa mtafsiri.

Hasara hiyo haiishii karakanani. Karani aandikapo katika hati ya malipo “mafuta, lita 500”, mkaguzi hajui kama ni dizeli au ni oili, ingawa bei zake hazilingani. Hapo istilahi legevu huwa kichaka cha kujifichia mwizi.

Watajitokeza watakaosema kwamba *oili* ni neno la kigeni na kwamba tunalo *kilainishi*. Hatulikatai *kilainishi*, limeundwa vizuri kutokana na kitenzi chetu wenyewe. Lakini maana yake ni pana: oili ni kilainishi, na grisi pia ni kilainishi. Basi neno hilo libaki kuwa jina la jumla, na *oili* na *grisi* ziwe majina ya aina. Mafundi wamekwisha kuyatumia hivyo kwa miaka mingi. Wala hatuoni sababu ya kuukataa ugeni wa *oili* huku tukiukubali ule wa *dizeli*, *tangi*, *pampu* na *stesheni*.

Kasoro ya pili ni *injini*. Baadhi ya watafsiri huliita gari zima linalovuta mabehewa “injini”, halafu huiita kwa jina hilo hilo mashine iliyomo ndani yake. “Injini imezimwa” humaanisha nini basi? Wananchi wamekwisha kutegua kitendawili hiki: wao husema *kichwa cha treni*. Wako maofisa wanaoliona neno hilo kuwa la mitaani. Sisi twaliona kuwa istilahi kamili, fupi, isiyogongana na nyingine. *Garimoshi* halitufai mahali hapa, maana hutaja treni nzima, na moshi wake ni wa enzi ya mvuke. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024 haina moshi wala haihitaji dizeli.

Kasoro ya tatu ni *jaza*. Dizeli hutanuka ipatapo joto. Tangi likijazwa pomoni, itamwagika na kuharibu ardhi. Kinachotakiwa ni *kutia* dizeli hadi kwenye alama.

Sentensi yetu ingepaswa kusomeka hivi: “Tia dizeli hadi kwenye alama, kagua oili, ndipo uwashe injini ya kichwa.” Imerefuka kwa maneno machache, lakini kijana wa Mlandege hatakosea.

Mtu aweza kuuliza: mbona katika vituo vya magari mkanganyiko huu hausumbui? Mlandege, kama kwingineko nchini, watu husema “napitia sheli kutia mafuta”, hata kama kituo si cha kampuni ya Shell, nao huelewana. Huelewana kwa sababu pampu, mhudumu na gari viko mbele ya macho yao. Maandishi hayana msaada huo. Msomaji wa mwongozo yuko peke yake na neno.

Kwa hiyo twawasihi watafsiri wasiridhike na kamusi mezani. Waende karakanani, wamwulize mwenye kushika mpira wa dizeli: hiki mwakiitaje, na kile je? Kisha jibu lake walipime, na likifaa waliandike. Istilahi ambayo mfanyakazi hawezi kuitumia akiwa kazini bado haijawa istilahi.