Siku Njema na Agosti ya Bungoma

Riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema (1996), imesomwa sana mashuleni Kenya, na mara nyingi husifiwa kwa jambo moja tu, yaani ufasaha wake. Sifa hiyo ni ya haki, ila imewapofusha wahakiki wasiitazame vema safari iliyomo. Kongowea Mswahili anafiwa na mama Tanga, anaondoka kumtafuta baba asiyemjua, na njia yake inamfikisha Kitale. Katika Safari za Wasuaheli, alizozichapisha Carl Velten mwaka 1901, mtu wa pwani alikwenda bara kama ugenini, kisha akarudi kusimulia. Hapa mambo yamepinduka: bara ndiko kwa baba. Hata jina la kijana, ambalo ni jina la mtaa wa Mombasa, limepandishwa hadi kwenye nchi ya mahindi iliyo chini ya Mlima Elgon.

Walibora alizaliwa Bungoma, na msomaji wa huko hawezi kuisoma safari hii kwa macho ya mtu wa Tanga. Kila mwaka wa shufwa, ifikapo Agosti, wavulana wa Kibukusu huzunguka kwa jamaa wakipiga chinyimba, zile kengele za chuma, kuwaalika kwenye tohara. Mjomba naye hatembelewi bure; humvika mpwawe nyama shingoni. Alfajiri ya siku yenyewe kijana hupakwa tope mtoni, kisha hurejea kusimama wima uani kwa babaye, mbele ya kisu. Asiyemjua babaye atasimama uani kwa nani? Kongowea hakuulizwa swali hilo, wala riwaya haidai hivyo. Hata hivyo, ndilo linalomkaa rohoni msomaji wa Bungoma, na kwake utafutaji wa baba si kisa cha kubahatisha, kama wanavyodhani wengine.

Kasoro ipo, na si ndogo. Kiswahili cha msimulizi hakigeuki afikapo Kitale. Kitale ya sokoni, ambako Kibukusu, Kisabaoti na Kipokoti hupokezana na Kiswahili, yasikika kwa mbali mno. Yaelekea mwandishi kijana alitaka kwanza kuthibitisha kwamba mtu wa bara aweza kukimiliki Kiswahili cha pwani. Alithibitisha, na Kitale ikalipa gharama. Miaka kumi na minane baadaye alitoa tawasifu, Nasikia Sauti ya Mama (2014). Aliaga dunia Aprili 2020. Tawasifu hiyo yafaa isomwe mara tu baada ya Siku Njema, kabla msomaji hajasahau kwamba Kongowea aliondoka Tanga kwa kuwa mama alikuwa amekwisha kufa.