Nyumba bila mwenyewe

Flip or Flop ya HGTV (2013–2022) inavuta macho, tukubali. Tarek na Christina El Moussa wananunua nyumba yenye kuchakaa kule California, wanaitengeneza, wanaiuzisha. Mwishoni wanatuhesabia yote: bei, matengenezo, faida. Ila mutu moja hahesabiwe: ule mwenye alikuwa anaikala mule. Na kisha krize ya 2008, banki zilinyanganya watu mingi nyumba juu ya deni.

Kwetu Kenya, ukuta wenye kuandikwa "nyumba haiuzishwe" unauliza kile kipindi kinaruka: mujane amekubali? Batoto wataenda wapi? Wangetuonyesha ule mwenye kutoka, hata dakika mbili tu, ile faida tungeiangalia na macho ingine.