Mapendo katika mchezo wa Andromaque

Tulipokuwa vijana seminarini tulikariri vipande vya Andromaque, mchezo wa Racine uliochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1667. Tulikariri kama kasuku. Sasa nina mke na watoto. Nimeurudia jioni katika darasa la watu wazima, nami naona sikuelewa kitu.

Oreste ampenda Hermione, Hermione ampenda mfalme Pyrrhus, Pyrrhus ampenda mateka wake Andromaque, naye Andromaque ampenda Hector, mumewe aliyekwisha kufa. Zamani tulicheka: kila mtu amfuata anayemkimbia! Lakini sikilizeni Pyrrhus anavyomposa mjane huyo: akikataa, mwanawe atatolewa kwa Wagiriki auawe. Na hayo ayaita mapendo. Hermione naye amtuma Oreste kumwua Pyrrhus; kazi ikiisha, amlaani kwa kumtii.

Walimu wetu walimsifu Andromaque peke yake. Nami namsifu, ila si kwa yote. Akubali ndoa ili mtoto apone, huku amekusudia kujiua mara baada ya kiapo, na mtoto amwachia Céphise, msiri wake. Mama mmoja mjane darasani alikasirika: «Mimi niliolewa tena kwa ajili ya watoto, na nikabaki hai kuwalea.»

Racine hakumjibu. Pyrrhus auawa hekaluni, kiapo kimetoka tu kinywani, na Andromaque hahitaji tena kufa. Hapo, naona, mtunzi amejiponya kwa urahisi mno.