Wale Kumi Tuliowahubiri Vibaya

Kila mhubiri ana hubiri lake la wale kumi wa Luka 17. Sisi tunalo tangu chuo cha theolojia. Ukoma ni mfano wa dhambi, Yesu ndiye tabibu, tisa hawakurudi kushukuru. Je, wewe uko upande gani? Kisha sadaka ya shukrani. Ni hubiri rahisi, linakumbukika, na washarika wanalipenda. Hapa tunataka kulihakiki kama mtu anavyohakiki kitabu, kwa sababu tumeona linachowafanyia watu wanaolisikia.

Tulilihubiri miaka michache iliyopita katika mtaa mmoja mkoani Geita, ambako washarika wengi ni wachimbaji wadogo na akina mama wanaouza chakula mwaloni. Siku hiyo tulikolezea. Tulisema dhambi huanza kama baka dogo lisilouma, halafu hula vidole kimyakimya, mwisho humtenga mtu na wenzake. Kijana mmoja wa kwaya, mpiga gitaa, alikuwa na baka la namna hiyo mkononi, rangi imefifia, na hata akichomwa na mwiba pale hasikii kitu. Hatukujua. Alivaa mikono mirefu na kujiambia kwamba ni zebaki anayokamatia dhahabu ndiyo inayomharibu ngozi. Baada ya ibada ile hakurudi kwaya. Alihama, kama wachimbaji wanavyohama duara moja likiisha. Mwinjilisti alipomwona tena ilikuwa Shinyanga, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekunjika. Alimwambia: "Mchungaji alinitaja mbele ya watu wote."

Tulirudi kwenye Maandiko kwa aibu. Luka hasemi popote kwamba wale kumi walikuwa na dhambi kuliko jirani zao. Yesu hawaambii watubu. Hawaambii wamesamehewa. Anawatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana hao ndio waliokuwa na mamlaka ya kumrudisha mtu kijijini kwake. Na katika Luka 5 habari mbili zinafuatana: mwenye ukoma anatakaswa, kisha aliyepooza anasamehewa dhambi zake. Kama tulitaka mfano wa dhambi, Luka aliuweka kwa yule wa pili. Mbona hatuwageuzi waliopooza kuwa mfano, tukawahubiri hivyo wakiwa wamekaa mbele yetu?

Mtu wa Biblia atatujibu: na Miriamu je? Na Gehazi, na mfalme Uzia? Ni kweli, hao walipigwa kwa kosa lililotajwa. Lakini Naamani alikuwa na ugonjwa huohuo na hakuna kosa lolote lililotajwa kuwa chanzo chake. Tena katika Walawi 13 na 14 "ukoma" unashika nguo na kuta za nyumba. Ugonjwa tunaouita ukoma leo haushiki kuta. Neno la Kiebrania lilibeba mambo mengi ya ngozi, ya ukungu na ya madoa, na sisi tukayatwika yote mtu mmoja mwenye mishipa ya fahamu iliyoumia.

Maana ndivyo ilivyo. Mwaka 1873 daktari Gerhard Armauer Hansen, Mnorwe wa Bergen, katika nchi ya Walutheri wenzetu, aliona vimelea vinavyosababisha ukoma. Hakuna laana hapo, wala kurithi, wala kurogwa. Vimelea huishambulia mishipa ya fahamu polepole. Dalili huweza kuchukua miaka 5, wakati mwingine hata 20, kutokea. Vidole haviliwi na chochote. Mkono usiosikia moto unaungua, unaungua tena, kidonda kinaoza, mfupa unapungua. Watu walio wengi sana wana kinga ya asili na hawataugua kamwe. Dawa zipo, ni bure, hunywewa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaanza kuzinywa haambukizi tena baada ya muda mfupi. Tanzania ilifikia kiwango cha kutokomeza, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000, mwaka 2006, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana kila mwaka, na wengine hufika kituo cha afya wakiwa tayari na ulemavu. Kinachowachelewesha ni kujificha, na mimbari yetu imewapa sababu ya kujificha.

Hata lugha yetu inahitaji kuhakikiwa. Biblia ya Union Version kwa sehemu kubwa husema "wenye ukoma". Sisi wahubiri ndio tunaofupisha kuwa "wakoma". Isipokuwa Simoni wa Bethania, anayeitwa Simoni mkoma wakati anakaribisha wageni mezani kwake, bila shaka akiwa mzima. Ugonjwa umekwisha, jina halijamtoka. Bukumbi, ukivuka Busisi kuelekea Mwanza, wapo wazee waliopona miaka mingi iliyopita wakabaki kambini kwa sababu kama hiyo. Sisi huenda na sabuni na sukari wakati wa Krismasi, tunapiga picha, tunaondoka kabla ya chakula.

Katika Marko 1, Yesu anamgusa mwenye ukoma kabla ya kumtakasa. Mwishoni mtu yule yuko mjini akisimulia, na Yesu ndiye anayekaa nje, mahali pasipo watu. Wamebadilishana nafasi. Hilo hatukuwahi kulihubiri, na sasa tunalihubiri kila Januari, Jumapili ya mwisho, Siku ya Ukoma Duniani, tukiwa na mhudumu wa afya anayeeleza dalili baada ya matangazo.

Kijana yule alimaliza dawa. Aliporudi, mzee mmoja wa kanisa alituuliza, kwa heshima na kwa sauti ya chini, kama isingefaa ahudumiwe mwisho kwenye Chakula cha Bwana, kwa ajili ya kikombe. Tulikaa naye vestri karibu saa nzima tukimweleza. Hakuridhika sana, lakini alikubali. Kijana alipiga magoti wa tatu kutoka kushoto. Kikombe kilipomfikia alikishika kwa kiganja chote, maana vidole vile viwili havinyooki.