Utepe na Santuri: Matini Mbili za Mbaraka Mwinshehe

Wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kuunukuu wimbo wa dansi kana kwamba una matini moja tu. Mwanafunzi husikiliza, huandika beti na kiitikio, kisha huingia katika fani na maudhui. Ni nadra aulizwe amesikiliza rekodi ipi. Swali hilo lina uzito katika kazi za Mbaraka Mwinshehe, aliyeimba na Morogoro Jazz hadi 1973, akaunda Super Volcano, na kufariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mnamo Januari 1979.

Nyimbo zake zimetufikia kwa njia mbili: tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam na santuri zilizotolewa Nairobi. Kule Uingereza, rekodi ambazo BBC ilianza kuzifanya mwaka 1967 kwa ajili ya kipindi cha John Peel zilihesabiwa kuwa nyongeza ya albamu. Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na kwa miaka mingi studio ya redio ilikuwa karibu mlango pekee wa kurekodia. Bendi ilipiga kwa pamoja. Mmoja akikosea, ama kosa libaki ama wote waanze upya.

Ndiyo maana wengi huiita tepu "asili". Sikubaliani nao. Mashairi yalikaguliwa kabla ya bendi kurekodiwa, kwa hiyo fumbo tunalolisifu kama tabia ya fanani huenda wakati mwingine lilikuwa tahadhari tu. Santuri nayo ilikuwa na ukali wake. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 huchukua dakika nne hivi, na wimbo mrefu ulilazimika kukatwa: sehemu ya kwanza huku, ya pili kule. Redio ilibana maneno. Santuri ikabana muda.

Mkato huo haukuwa hasara tupu. Aghalabu kisa huimbwa upande wa kwanza, na upande wa pili huachiwa magitaa. Kwa msikilizaji anayeinuka kugeuza santuri, kimya cha katikati huwa kituo, mfano wa kile kinachotenganisha ukwapi na utao katika ushairi wa arudhi. Wasikilizaji wa Ukambani walikizoea kituo hicho hata katika santuri za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Katika utepe, maneno na magitaa hupokezana bila kupumzika, na bendi hulazimika kutafuta njia ya kumaliza pamoja. Katika santuri sauti hufifishwa na fundi mitambo, nasi tunaandika kwamba mtunzi "ameacha hatima wazi". Hatima hiyo ni ya fundi.

Kosa kubwa zaidi ni letu: tukishanukuu maneno, tunaifunga kazi pale mwimbaji anaponyamaza. Nyumbani kwetu Nuu, baba alikuwa na santuri chache za Super Volcano alizozipiga kwa gramafoni ya betri. Nilipozirithi, niliona kwamba upande wa pili, usio na maneno mengi, ndio uliochakaa. Ule ninaofundishia darasani bado unalia safi.